Yanakatika au unakatwa? Kiswahili cha hitilafu za mitambo

Jumanne moja mwendo wa saa nne asubuhi nilimsahihisha karani mmoja wa Homa Bay kitenzi, na kwa kumsahihisha huko nikamharibia wiki nzima. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki siku nyingine ambapo sarufi yangu ilimgharimu mtu kiasi hicho. Kwa kuwa safu hii haijachoka kuwasahihisha wengine, wacha leo nianze na mimi mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nyumbani Migori. Alama za wanafunzi wa stashahada ya ualimu, ambazo nilitakiwa kuzihakiki, zilikuwa ndani ya kompyuta moja katika ofisi mjini Homa Bay, ofisi ambayo sitaitaja. Alama hizo hazikuruhusiwa kutoka ndani ya mashine ile hata kwa baruapepe, na uamuzi huo siulaumu. Kwa hivyo nilipewa njia ya kuingia kwenye mashine nikiwa mbali. Unafungua programu kwenye kipakatalishi chako, unaandika namba ya mashine, jina la kuingilia na nywila, kisha skrini ya Homa Bay inatokea mbele yako Migori. Ukisukuma kipanya huku, mshale unatembea kule. Si teknolojia ngeni. Microsoft waliitoa katika Windows ya seva mwaka 1998, na ilipofika 2001 ilikuwa tayari ndani ya Windows XP. Kilichobadilika ni kwamba ofisi nyingi sasa hazina nyaya ukutani. Kila kitu kinaning'inia kwenye waifai.

Karani naye hakuwa ameketi mbele ya mashine hiyo. Mashine ilikuwa katika chumba cha ndani chenye kufuli, yeye alikuwa masijala, vyumba vitatu kutoka hapo, akiingia kwa njia ile ile kupitia waifai ya ofisi ili aweke alama zilizobaki. Orodha kamili ilitakiwa Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwanafunzi ambaye jina lake lingekosekana angesubiri mahafali ya mwaka uliofuata, na katika nchi hii mwalimu asiye na cheti hawezi kujisajili na TSC, na asiyejisajili haajiriwi. Wapo waliokuwa wameshaahidiwa kazi za muda katika shule za Ndhiwa na Suna. Mwaka mmoja si kitu kidogo kwao.

Nilimpigia simu. "Nyar Karachuonyo, kazi inaendeleaje?"

"Prof, nakatwa. Kila nikiingia nakatwa."

Nikacheka. "Anayekatwa ni mti, binti yangu, ama mshahara. Mawasiliano hukatika."

Naye akacheka, kwa heshima tu. "Sawa, Prof. Yanakatika."

Na tangu dakika hiyo, kila aliyeuliza aliambiwa kuwa yanakatika. Nilikuwa nimempokonya neno la kweli nikampa neno sanifu.

"Yanakatika" lilimfikia fundi wa kompyuta, kijana mwepesi wa kazi, akalipokea jinsi lilivyo. Kitu kinachokatika chenyewe katika ofisi ya waifai kina sababu zake zinazojulikana, naye alizifuata moja baada ya nyingine. Kwanza aliitafuta rauta. Aliikuta juu ya kabati la chuma nyuma ya ukuta wa mawe, akaihamishia ukumbini. Kisha akatazama masafa. Rauta nyingi hutangaza kwa gigahezi 2.4 na kwa gigahezi 5. Ile ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ila ina msongamano kwa sababu majirani wote wamo humo humo, na hata oveni ya mikrowevu ikiwashwa huivuruga. Ile ya 5 ina kasi, lakini ukuta mmoja wa mawe huichosha. Tena kwenye 2.4 zipo chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, yaani 1, 6 na 11. Ofisi yetu na za majirani zilikuwa zimejazana kwenye 6. Kijana akaihamishia yetu 11.

Hakuishia hapo. Aliizuia mashine ya ndani isijilalie, kwa kuwa kompyuta iliyolala haimjibu mtu. Akaipa namba ya kudumu, maana Jumatatu stima zilikuwa zimepotea, na ziliporudi rauta ilikuwa imeigawia mashine namba nyingine, nasi asubuhi yote tukawa tunabisha hodi kwenye nyumba isiyo yetu. Akahakikisha Windows haiihesabu waifai ya ofisi kuwa waifai ya hadharani, kwa sababu ikiihesabu hivyo hufunga milango. Akakagua pia kama rauta imewekwa katika ile hali ya kuwatenga watumiaji, ambapo vifaa viwili vilivyo kwenye waifai moja haviwezi kuonana. Hiyo ni hali nzuri hotelini, lakini ofisini ni balaa.

Yote hayo yalikuwa ya maana na mengine yalisaidia. Lakini karani aliendelea kutupwa nje.

Jumatano mchana kijana alifanya jambo ambalo lingetuokoa sote. Iko programu ndogo iitwayo pingi ambayo kazi yake ni kuiuliza mashine, "Upo?" na kuhesabu muda wa jibu. Akaiacha iulize kwa saa nzima kutoka masijala. Haikukosa jibu hata mara moja, na katika saa hiyo hiyo karani alitoka mara nne. Akanipigia. "Prof, pingi iko fiti kabisa, lakini si mnasema yanakatika?" Nikamjibu kwamba pengine pingi yake ina kasoro. Ndivyo tulivyo. Profesa akisema yanakatika, basi yanakatika, hata kama ushahidi umekaa mezani ukipunga mkono.

Mimi pia nilikuwa nikitupwa nje, nisifiche. Kila mara nilisema, kwa Kiswahili safi, kwamba mawasiliano yamekatika, nikavuta kiti na kuingia tena.

Alhamisi mkuu wa ofisi alimwandikia karani barua ya kumtaka ajieleze. Alikuwa na hoja yake: fundi ameshughulikia waifai siku mbili, kila kitu kimewekwa sawa, na bado kazi haiendi, kwa hivyo kasoro ni ya mtu. Karani hakuniambia. Niliambiwa na kijana wa kompyuta jioni, naye aliniambia kwa kunong'ona.

Usiku huo mwendo wa saa mbili, nilipokuwa kazini, dirisha likajifunga tena. Kikaja kile kijisanduku cha ujumbe ambacho kwa siku tatu nilikuwa nikikifunga bila kukisoma, kama mtu anavyofunga tangazo la biashara. Safari hii miwani ilikuwa puani. Kilisema, kwa Kiingereza, kwamba mtumiaji mwingine ameunganishwa na kompyuta ile na ndiyo sababu mimi nimetolewa. Papo hapo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa karani, ambaye bado alikuwa ofisini: "Prof nimeingia sasa, iko sawa."

Sote wawili tulikuwa tumepewa jina moja la kuingilia na nywila moja. Windows za kawaida za ofisini humruhusu mtu mmoja tu kuwa ndani kwa wakati mmoja. Jina lile lile likija kutoka kwingine, aliyepo hutolewa bila kuulizwa. Nikiingia mimi, yeye anakatwa. Akiingia yeye, mimi nakatwa. Kwa siku tatu mimi na nyar Karachuonyo tulikuwa tukikatana, yeye akilisema jambo hilo wazi, na mimi nikimwambia kwamba hakuna mkataji.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana ndiyo iliyoniponza. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Huambiwa kwamba "kikombe kimevunjwa" kina mvunjaji hata asipotajwa, na "kikombe kimevunjika" kinaeleza hali tu, mvunjaji hayumo katika sentensi. E. O. Ashton aliieleza tofauti hii kwa Kiingereza katika sarufi yake ya 1944, na vitabu vyetu vya shule vimeirudia tangu hapo, kwa kawaida kwa mfano wa kikombe ama wa sahani. Naona mfano huo umetupumbaza. Kikombe kikishavunjika, hakuna anayehitaji kujua ni kwa kauli gani. Ni cha kutupwa.

Mfano ulio hai ni wa stima. Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Sirare, utasikia watu wakisema "umeme umekatika" na hakuna anayenyanyuka, kwani wote wamekatikiwa pamoja. Wakisema "kwa fulani umeme umekatwa", kila mtu ameelewa kwamba fulani hajalipa bili. Ni silabi moja tu, lakini ya kwanza inakutuma ukatafute mshumaa, na ya pili inakutuma ukatafute pesa. Upande wetu wa Kenya tunasema "stima imepotea", msemo ninaoupenda kwa sababu unaifanya stima kama mbuzi aliyekata kamba, lakini hata sisi tukisema "imekatwa" tunamaanisha bili. Hakuna mtu wa Migori anayehitaji profesa kumweleza hilo.

Na kwenye mitambo tofauti ni ile ile. Waifai ikidhoofika, skrini ya mbali kwanza huganda, picha ikasimama ikiwa imefifia, kisha programu hujaribu yenyewe kurudi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo mawasiliano yamekatika. Ukitolewa na mtu, hakuna kuganda wala kujaribu. Dirisha linafungwa mara moja na ujumbe unakuja. Hapo umekatwa. Fundi aliyeambiwa la kwanza atashughulikia rauta, kuta na chaneli. Aliyeambiwa la pili atauliza swali moja tu: ni nani mwingine anayetumia nywila hii?

Mtetezi wa sarufi atasema kwamba nilikuwa na haki kidogo, kwa kuwa "nakatwa" lina kasoro. Mtu hakatwi, hukatiwa. Kinachokatwa ni mawasiliano. Nakubali. Lakini basi sahihisho lilikuwa "nakatiwa", neno ambalo kila Mkenya aliyewahi kuzungumza na mpenzi mwenye hasira analijua, kwani husema "alinikatia simu". Ningemwongezea karani silabi moja, mkataji angebaki mle mle ndani ya kitenzi. Mimi nilimwondoa mkataji. Kwa hiyo hata kama mwalimu nilishindwa. Nilisahihisha kilichokuwa sawa na nikaacha chenye kasoro.

Kwa nini nilicheka? Nimejiuliza sana. Ukweli ni kwamba sikusikia "nakatwa" kama kitenzi. Nilisikia Kiswahili cha ziwani. Nimezaliwa huku, najua jinsi wachekeshaji wa runinga wanavyopata riziki kwa kutamka "sule" badala ya shule, na najua jinsi mtu wa kwetu anavyojifunza mapema kunyamaza mbele ya anayejua "ufasaha". Nilidhani karani ametafsiri kutoka Dholuo. Nikasahihisha lafudhi, kumbe nilikuwa nimepewa uchunguzi kamili wa hitilafu kwa neno moja. Nina wanafunzi walioandika tasnifu kuhusu athari za lugha ya kwanza katika Kiswahili cha wazungumzaji wa Dholuo, na nimezisimamia nyingine mwenyewe. Karibu zote zinaorodhesha makosa. Sikumbuki hata moja iliyouliza ni maarifa gani yanayopotea mzungumzaji akikubali kusahihishwa.

Lakini nisiulaumu ulimi wangu peke yake. Lipo tatizo kubwa zaidi katika namna tulivyoijenga lugha ya kompyuta. Kwa zaidi ya miaka ishirini wataalamu wa istilahi wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili kutoka juu hadi chini, na wakati ule ule Microsoft nao walikuwa wakitayarisha yao. Tumepata kabila zima la majina. Hapa Kenya tuligombana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi hadi watoto wakachoka kusikia. Tukapata kipakatalishi, rununu na kiteuzi. Tanzania walipofanya sensa ya 2022 kwa vishikwambi, neno likatoka kamusini likaingia sokoni kwa wiki chache.

Majina, majina, majina. Tumekibatiza kila kifaa kilichoingia bandarini, na hatukuketi hata siku moja kukubaliana juu ya vitenzi vya kifaa hicho kinapoharibika. Naye mtumiaji wa kawaida hazungumzi kuhusu kompyuta inapofanya kazi. Inapofanya kazi huitumia tu. Huizungumzia ikikataa.

"Imekataa." Hebu tulitazame neno hili, maana ndilo linalotumika kutoka Homa Bay hadi Mombasa kwa kila ugonjwa wa mitambo. Kukataa ni tendo la anayejibu. Mtu hawezi kukataa posa ambayo haijamfikia. Na kwenye mitambo kuna kukataa kwa kweli: unabisha, mashine inasikia, na inakujibu papo hapo kwamba mlango huu hautumiki, ama nywila hii siyo. Huko ni kuzuri, kwa maana umejua kwamba mashine ipo, imeamka na njia ya kuifikia ni nzima. Kwingine unabisha na hakuna anayeitika. Kile kiduara kinazunguka, unasubiri, mwisho unaambiwa imeshindikana. Mashine imelala, ama imebadilishiwa namba, ama iko kwenye waifai nyingine, ama ngome yake imeumeza ujumbe kimya kimya. Watu huliita hili pia "imekataa". Ilhali Kiswahili kina "haijibu", kina "haiitiki", kina "inazunguka tu", na kila mojawapo lingemwokolea fundi nusu saa.

Nimeshataja ngome. Kuna wanaoiita ukuta wa moto, tafsiri ya sisisi iliyogeuza maana miguu juu kichwa chini. Katika Kiingereza jina hilo ni la ukuta unaozuia moto usipite kutoka chumba hadi chumba. Ukuta wa moto kwa Kiswahili ni ukuta unaowaka. Karani akiambiwa azime ukuta wa moto, nitamwelewa akikimbia nje.

Na ile teknolojia yenyewe tuiiteje? Kwa kuwa eneokazi limeshika kwenye tafsiri za programu, wapo watakaosema "eneokazi la mbali". Muulize mvuvi wa Mbita eneokazi lake la mbali liko wapi, atakuonyesha Mfangano. Masijala ya Homa Bay hawana shida hiyo. Wanasema "kuingia kwa mashine". Mafundi husema "kurimoti", nao huniudhi, lakini angalau wameona kwamba kinachotakiwa hapa ni kitenzi.

Kisha kuna mtandao, neno ninalolishtaki kuliko yote. Limetoka kwenye kutanda, na limetanda kweli kweli. Mtandao ni intaneti. Mtandao ni waifai. Mtandao ni mawimbi ya simu. Mtandao ni mahali watu wanapotukanana. Mtandao ni genge la wezi wa magari. Siku karani anapokwambia "mtandao umepotea", amekwambia mambo manne tofauti, na kila moja lina tiba yake. Waifai ya ofisi inaweza kuwa nzima huku intaneti imekufa, na hapo yeye wa masijala ataifikia mashine ya chumba cha ndani bila taabu, ilhali mimi wa Migori nimefungiwa nje. Intaneti yaweza kuwa nzima na waifai ikawa imekufa, na hapo hakuna anayefika kokote, ingawa rauta inawaka taa zake zote. Ukikaribia Isebania utapata maana ya tano, simu ikikukaribisha Tanzania na wewe bado unakunywa chai Kenya. Neno moja haliwezi kubeba mzigo huu. Napendekeza tusitafute istilahi mpya. Tuseme waifai tukimaanisha waifai, intaneti tukimaanisha intaneti, na mawimbi tukimaanisha simu. Wakereketwa wa ufasaha watanikasirikia kwa kutetea maneno ya kukopa. Wakasirike. Afadhali la kukopa linalotofautisha kuliko la asili linalochanganya.

Msidhani namsifu Kiingereza. Programu ile ya kuingia kwa mbali ikishindwa, hutoa ujumbe wa Kiingereza wenye sababu tatu kwa mpigo: huenda mashine haijaruhusu watu kuingia, huenda imezimwa, huenda haipatikani. Yaani huenda chochote. Ni sawa na daktari kukwambia unaumwa kwa sababu una malaria, ama umevunjika mguu, ama hauko hospitalini. Mzungumzaji hodari wa Kiswahili angefanya vizuri zaidi ya mwandishi wa ujumbe huo, kwa kuwa lugha yetu imeshamgawia vifaa. Inajivuta: njia ipo ila ni nyembamba. Inaganda: njia inapoteza vipande vya picha. Haishiki: nywila ya waifai ama umbali. Inashika lakini haipeleki: waifai ipo, nyuma yake hakuna kitu. Inakatikakatika, na hapa kile kitenzi kilichorudufishwa kinafanya kazi ambayo Kiingereza kingehitaji sentensi nzima kuifanya: inakatika, inarudi, inakatika, bila mpango wowote. Fundi akisikia hivyo ajue asianze na nywila. Aanze na chaneli, na mikrowevu, na kile kiti mtu alichoketi.

Nasisitiza kwamba haya si maneno yangu. Nimeyaokota kwa makarani, kwa wahudumu wa saiba za Migori, kwa vijana wa M-Pesa ambao kazi yao ni kumweleza mama mwenye haraka kwa nini pesa zake hazijafika. Hayamo katika orodha zetu za istilahi kwa sababu orodha hizo hutayarishwa na watu ambao, kompyuta zikiharibika, humwita mtu. Mimi nimo. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tumekuwa tukidhani urasmi ni hotuba na mabango. Ofisi ya serikali au ya chuo ni mahali ambapo mambo huharibika kila siku, na mtu mdogo lazima amweleze mtu mkubwa kilichoharibika. Ikiwa kila anapofungua mdomo anasahihishwa, atajifunza kusema kile mkubwa anachotaka kusikia, kama alivyofanya nyar Karachuonyo. "Sawa, Prof. Yanakatika." Alijua haikuwa kweli. Nilimuuliza baadaye kwa nini alikubali upesi hivyo. Akasema, "Wewe ndiye mwenye Kiswahili, Prof."

Usiku ule wa Alhamisi nilimpigia nikamwambia aendelee mpaka amalize, mimi sitaingia. Alimaliza saa tano na dakika arobaini. Nikaingia saa sita, nikahakiki mpaka alfajiri, orodha ikafika Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Kijana wa kompyuta aliyatenganisha majina yetu wiki iliyofuata, kila mtu na lake na nywila yake. Bado mashine hubeba mtu mmoja tu, maana wanaotaka wawili au zaidi kwa pamoja hununua toleo la seva na leseni zake, lakini sasa anayekuja humkuta aliyepo akiombwa ruhusa kwanza. Kwa maneno mengine, mashine imefundishwa kubisha hodi. Barua ya kujieleza ilikuwa imeshaingia kwenye faili. Nilisafiri Homa Bay Jumatatu, nikaketi na mkuu wa ofisi, nikamweleza mkataji alikuwa nani. Alicheka, kisha akaona sicheki, akaitoa.

Kuna jambo moja ambalo bado hatujalimaliza mimi na yule kijana. Katika kuingia kwa mbali kuna namna mbili za kutoka. Unaweza kutoka kabisa, programu zako zikafungwa na mashine ikabaki tupu. Au unaweza kufunga dirisha tu na kwenda zako, na kule ndani kazi yako ikabaki wazi kama ulivyoiacha, faili zikiwa zimeshikwa, mwenzako akija asiweze kuzihariri. Yote mawili twayaita "kutoka", na wiki mbili zilizopita yalituletea ugomvi mwingine kuhusu faili iliyofungika. Nilipendekeza tutofautishe "kutoka" na "kuondoka". Kijana akaona ni yale yale. Karani, aliyekuwa akitusikiliza kwenye simu, akasema masijala wao hawapati shida hiyo: aliyetoka ametoka, na yule mwingine husema "nimeacha moto jikoni". Nimeiandika kwenye daftari.